Kama Huyapendi Mazoezi: Namna ya Kuyafanya Hata Hivyo, kwa Sisi wa Moshi na Majirani Zetu wa Arusha

Mashauri mengi ya mazoezi huahidi kwamba ukivumilia kidogo utayapenda. Wako wanaoyapenda kweli baada ya muda. Wako pia ambao mwaka mzima unapita, presha imeshuka, nguo zinawatosha tena, na bado kila wakiamka hawana hamu hata chembe ya kutoka nje. Mwongozo huu nimewaandikia hao wa pili, kwa sababu nimewaona wengi wakijilaumu kwamba ni wavivu. Uvivu hauhusiki. Wamekosa mpangilio unaoweza kwenda hata siku ambayo hamu haipo.

Jambo moja kabla ya kuanza. Kama una presha, kisukari au tatizo la moyo, au ni miaka mingi hujapima chochote, pita kwanza zahanati ya jirani au hospitali ya Mawenzi ukapime na umwambie daktari unachotaka kufanya. Anayechoma insulini atembee na kitu chenye sukari mfukoni. Na kwa yeyote yule: kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika isivyo kawaida, simama hapo hapo na utafute msaada.

Hatua ya 1: Jua ni kitu gani hasa unachokichukia

Mtu akikwambia "sipendi mazoezi", muulize wiki yake imekwendaje. Utakuta amebeba ndoo za maji, amezunguka Soko la Mbuyuni asubuhi nzima, na Jumamosi ameshinda Uru akikata majani ya ng'ombe. Mwili umefanya kazi na wala hakulalamika. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachomkera, na si watu wote wana kitu kilekile. Chukua karatasi umalizie sentensi hii: "Mara ya mwisho niliacha kwa sababu..." Andika ukweli, hakuna atakayeisoma. Majibu ninayoyasikia zaidi ni manne.

Jibu la kwanza linatoka shuleni. Wengi wetu tulikutana na mazoezi kwa sura mbili: mchakamchaka wa alfajiri kwenye baridi ya Juni huku kiranja akisukuma kwa nyuma, na pushapu au kuruka kichurachura pale mtu alipochelewa namba. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwamba misuli kuuma ni malipo ya kosa, hawezi kufika utu uzima akazipokea pushapu kama zawadi. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wazima wengi hawajawahi kuviunganisha vitu hivi viwili. Wanajua tu kwamba wakisikia mtu anahesabu "moja, mbili, tatu" moyo unasinyaa. Kama ni wewe, ondoa kila kinachofanana na uwanja wa shule. Usihesabu kwa sauti. Usiende jimu yenye mwalimu wa kupiga kelele. Acha pushapu kabisa miezi ya mwanzo. Tembea, endesha baiskeli, cheza muziki sebuleni, lima bustani. Mwili hauulizi kama jambo hilo linaitwa mazoezi.

Jibu la pili ni pumzi, na hili ndilo linalowafukuza watu wengi kuliko mengine. Kuna kiwango cha kasi ambacho mtu akikivuka, kupumua kunakuwa kwa haraka, miguu inawaka, na karibu kila binadamu huanza kujisikia vibaya, hata mwanariadha. Chini ya kiwango hicho watu wengi hujisikia vizuri tu. Shida ni kwamba kwa mtu asiyezoea, kiwango chenyewe kiko chini sana. Kukimbia polepole, ambako kwa jirani yako ni mchezo, kwako tayari ni juu ya mstari. Unamaliza umeteseka, na kesho yake mwili unakumbuka mateso hayo.

Kipimo chake hakihitaji saa wala simu. Ukiwa unatembea, sema sentensi nzima. Kama unaisema mpaka mwisho lakini huwezi kuimba, hiyo ndiyo kasi yako. Kama unaweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Kama maneno yanatoka matatu matatu, punguza bila aibu. Hapa Moshi mwinuko ndio unaodanganya watu. Mji umekaa kwenye mteremko wa mlima. Ukielekea kaskazini, upande wa hospitali ya KCMC na Uru, unapanda hata pale ambapo macho hayaoni kilima. Anayeanza achague njia zinazokata mteremko kutoka mashariki kwenda magharibi, au mitaa ya chini kama Majengo na Pasua. Barabara za Shanty Town zina kivuli cha miti na magari machache, nazo zinafaa sana wiki za mwanzo mradi usichague inayopanda moja kwa moja.

Arusha kuna jaribu jingine. Ni mji wa wanariadha. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, hufanya mazoezi yake huko. Ukipishana na wakimbiaji hao alfajiri, miguu itataka kuwafuata yenyewe. Waache wapite.

Jibu la tatu ni macho ya watu. Hapa kwetu mtu mzima akitembea bila sababu inayoonekana huulizwa. "Dada, twende, nikupeleke," anasema wa bodaboda. "Mama, kuna tatizo nyumbani?" anauliza jirani. Mwanamke mnene akivaa trakisuti husikia maneno ambayo sitayarudia hapa. Usimwambie mtu wa namna hii "wapuuze"; hakuna anayeweza kupuuza jambo linalomuuma. Mpe sababu ya kuwa barabarani. Beba kikapu, nenda kwa miguu sokoni, kanisani, msikitini, au kumsalimia mgonjwa. Vaa raba na kanga yako kiunoni kama ndivyo unavyojisikia huru. Kwenye vijiwe vya bodaboda wasalimie wewe kwanza, kwa sauti, kila siku. Baada ya siku chache wanakuzoea, na mara nyingi hao hao ndio watakaokuwa macho yako njia ikiwa na hatari.

La nne ni kuchoshwa. Hapa tafuta kitu unachokipenda sana kusikiliza, kisha ukinyime muda mwingine wote: mahubiri ya mchungaji fulani, uchambuzi wa mpira wa juma, simulizi ya kusisimua. Unakisikiliza ukiwa unatembea tu. Mtafiti Katherine Milkman wa Marekani na wenzake walilijaribu hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014: waliopewa hadithi za kusikiliza ambazo walizipata wakiwa jimu tu, walianza kwa kuhudhuria zaidi kuliko wenzao. Faida hiyo ilififia baada ya likizo ya Novemba ya Wamarekani, na nitarudi kwenye suala la likizo kwa sababu kwetu Desemba ni kubwa kuliko hiyo yao. Angalizo moja: sikio moja liwe wazi. Pikipiki za siku hizi hupita hata pembeni mwa barabara.

Hatua ya 2: Anza na kiasi ambacho huwezi kukikataa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kiasi, ule wa kuzungumza bila kuimba. Ukiisikia namba hiyo leo, ukiwa hujafanya chochote, utakata tamaa. Kwa hiyo iweke pembeni. Kitu muhimu zaidi kwako ni kwamba mwongozo wao wa mwaka 2020 uliacha sharti la zamani la kutaka kila kipande kiwe cha dakika 10 au zaidi. Dakika 4 kutoka kituoni hadi ofisini zinahesabika.

Mimi napendekeza hivi: dakika 10, siku 5 kwa wiki, kwa wiki mbili. Kisha ongeza dakika 5 kila baada ya wiki mbili. Wiki ya 9 utakuwa kwenye dakika 30, na siku 5 za dakika 30 ndizo 150 zenyewe. Utajisikia kutaka kuruka ngazi wiki ya pili, kwa sababu dakika 10 zitaonekana kidogo mno. Usiruke. Wiki hizo za mwanzo mguu unajifunza kutoka nje ya mlango, na hilo ndilo somo gumu kuliko kutembea kwenyewe.

Anayepanda daladala ashuke kituo kimoja kabla. Mwenye gari aliache mbali kidogo na ofisi. Mwenye duka afunge, kisha atembee kwenda nyumbani badala ya kuita bajaji.

Hatua ya 3: Andika siku, saa na mahali

Kama utaruka hatua zote, usiruke hii. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliogawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi moja halikuelekezwa chochote maalumu. Katika wiki iliyopimwa, asilimia 38 walifanya mazoezi. Kundi la pili walipewa maelezo ya kuwahamasisha, faida za moyo na hatari za kukaa tu; walifanya asilimia 35. Kundi la tatu walipewa hamasa hiyo hiyo, kisha wakaandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya. Asilimia 91 walifanya.

Soma tena namba ya katikati. Hamasa peke yake haikuongeza kitu. Nasi tunashinda tukitumiana kwenye simu video za kutiana moyo.

Sentensi yako iwe na kitu ambacho tayari unakifanya, ili hicho kiwe ndicho kengele. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishafunga kibanda Mbuyuni saa 11 jioni, naenda nyumbani Pasua kwa miguu." "Kila siku ya shule, nikishamfikisha mtoto getini, nazunguka mtaa wa nyuma kabla sijarudi." "Jumapili baada ya ibada ya kwanza, tunarudi kwa miguu na mama." Iandike kwa kalamu, uibandike mlangoni kwa ndani. "Nitajitahidi kutembea wiki hii" haina siku wala saa, kwa hiyo hakuna wakati ambao utajua umeivunja.

Panga kwa majira yetu. Januari na Februari Moshi ni joto kali, na jua la saa 4 linaumiza. Toka kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na unywe maji kabla ya kutoka. Juni na Julai baridi hufanya blanketi kuwa zito, hasa Arusha iliyo juu zaidi. Wengi hufanikiwa wakihamishia jioni miezi hiyo miwili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, andika sentensi ya pili ya siku za mvua: "Ikinyesha, nacheza nyimbo tatu sebuleni." Bila sentensi hiyo, Aprili itakula kila ulichojenga.

Jua letu huchomoza baada ya saa 12 asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Usitembee gizani peke yako, hasa wewe dada. Hakuna faida ya afya inayolingana na hatari hiyo. Kama ratiba yako inakulazimisha giza, hamia hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tafuta mtu atakayekusubiri

Kundi la WhatsApp la watu 60 halikusubiri. Mtu mmoja aliyesimama getini kwako anakusubiri, na ni vigumu sana kumwacha pale ukarudi kulala. Mchague jirani mwenye mwendo kama wako, siyo yule mwenye nguvu zaidi. Maneno yenyewe ni mafupi: "Jirani, kesho saa 12 na nusu nakupitia. Kama hujisikii, tutazungumza njiani." Zungumzeni mambo yenu yote, mikopo ya VICOBA, watoto, bei ya maharage. Mkiwa mnaongea, kasi inajirekebisha yenyewe, maana mkikata pumzi mazungumzo yanakatika.

Vikundi vya jogging vya Jumapili ni vizuri, na nyimbo zake hubeba watu. Lakini kama ulijibu "pumzi" au "shule" kwenye hatua ya kwanza, usianzie huko. Nenda baada ya miezi mitatu, ukae nyuma na wanaotembea.

Kuna marafiki wanaowekeana faini: asiyekuja anatoa elfu mbili. Mimi siungi mkono. Faini inarudisha ile sura ya adhabu, na mtu akishadaiwa faini tatu huanza kuwakwepa wenzake kabisa.

Hatua ya 5: Kuhusu miguu kuuma, na raba

Siku ya pili baada ya kutembea sana, mapaja yanaweza kuuma kuliko siku ya kwanza. Ni kawaida; maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka, na ukirudia mwendo uleule yanakuwa madogo. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kuteremka kunaumiza misuli kuliko kupanda, kwa sababu msuli wa paja unajikaza huku unavutwa, ili kukuzuia usianguke. Mtu wa Moshi anapanda kwenda Kibosho au Uru akiwa na furaha, anateremka haraka kwa sababu ni rahisi, na siku mbili zinazofuata anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Halafu anaacha. Ushauri wangu: miezi ya mwanzo, ukipanda mlima kwa miguu, rudi kwa Hiace. Nauli hiyo inakulindia wiki nzima ya mazoezi. Maumivu ya ndani ya goti au kifundo, yenye kuchoma au kuvimba, ni habari nyingine. Hayo pumzika na uonyeshe hospitali.

Raba nzuri ya mtumba utaipata soko la Memorial. Nenda jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, na uvae soksi utakazotembelea. Kunja kiatu: kikunjike kwenye vidole, kisikunjike katikati. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kabisa, imezeeka hata kama juu inang'aa.

Hatua ya 6: Misuli, kwa ufupi

Mara mbili kwa wiki mwili unahitaji kazi ya nguvu. Kama unalima, unachota maji au unabeba mizigo, sehemu kubwa umeshafanya. Kama kazi yako ni ya kukaa, fanya hivi mtori ukiwa jikoni: kaa na usimame kwenye kiti bila kutumia mikono mpaka mapaja yachoke kiasi, kisha weka viganja ukutani na ujisukume. Pumzika, rudia. Inatosha.

Hatua ya 7: Usipime kilo

Mizani inakwenda polepole na inakatisha tamaa, tena uzito mara nyingi huamuliwa na sahani kuliko miguu. Chagua kitu kinachobadilika mapema. Kuna kipande cha njia kinachokusimamisha? Kumbuka ulisimama wapi mara ya kwanza, uone baada ya mwezi unasimama wapi. Angalia usingizi. Mwenye presha apime kila wiki muda uleule akiwa ametulia, aandike. Mwenye kisukari ajaribu kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo mkubwa wa ndizi au ugali, apime na kulinganisha na siku aliyokaa tu; misuli inayotembea huchota sukari kutoka kwenye damu, na kwa wengi tofauti huonekana kwenye kipimo siku hiyo hiyo. Sijaona hotuba yoyote inayomshawishi mtu asiyependa mazoezi kama namba yake mwenyewe.

Hatua ya 8: Siku utakazokosa, na Desemba

Utakosa. Kutakuwa na msiba, mtoto ataugua, mvua itapiga siku nne. Watafiti wa University College London, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kujiendea lenyewe, wengine siku 18 tu, na kwa mwingine makadirio yalifika siku 254. Walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi huo. Kwa hiyo usilipe deni. Ukikosa Jumatano, Ijumaa ifanye ya kawaida, siyo maradufu; maradufu itakuvusha ule mstari wa pumzi na utaichukia upya.

Ndipo inakuja Desemba. Mkoa mzima unajaa, watoto wa Dar na Mwanza wanapanda kwao Rombo, Marangu, Machame. Kuna ubarikio, harusi, vikao vya ukoo, mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Sentensi yako ya mlangoni imebaki Pasua na wewe uko mlimani. Usijaribu kuibeba. Huko juu hesabu mwendo ulio wa lazima: kwenda kanisani, kushuka mtoni, kupanda kumsalimia shangazi, kuzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo, na mzee akikuonyesha mipaka. Bakisha jambo moja tu, kutoka kila siku kwa dakika 10 baada ya chakula cha mchana, na waalike watoto.

Kinachowamaliza watu ni Januari, kwa sababu wanarudi na kudai kiasi kilekile cha Novemba. Wiki ya kwanza fanya nusu yake. Ya pili fanya robo tatu. Kabla hujasafiri, panga kabisa na yule jirani tarehe ya kukutana getini mkisharudi, muiandike wote wawili. Kama mnataka kitu cha kulenga, Kilimanjaro Marathon hukimbiwa hapa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ndani yake kuna kilomita 5 ambazo watu wengi huzitembea na familia zao. Kwa mwendo wa kuzungumza ni kama saa moja, kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu ya Januari ongezeni dakika 5 kila wiki kwenye matembezi ya Jumapili tu, siku nyingine ziache zilivyo.